Duara Kugeuka Yai, Wimbi Kugeuka Mstari: Kupanga Dirisha la GeoGebra kwa Ukuta na kwa Karatasi

Swali, kutoka kwa mwalimu wa hisabati, Likoni, Mombasa:

"Natumia GeoGebra Classic 5, programu ya kuchora grafu, kwenye laptopu ya shule. Nikiandika x² + y² = 9, siku moja napata duara, siku nyingine yai. Sin x kutoka 0 hadi 360 inanitolea ama mstari ulionyooka ama michirizi iliyobanana kama chanuo. Mchana wanafunzi wa viti vya nyuma hawaoni kitu kwenye projekta. Na nikipeleka karatasi za mtihani kuchapishwa mjini, gridi inapotea na vipimo havikubaliani na rula. Nibadilishe nini, na wapi?"

Jibu:

Mwalimu, malalamiko yako ni manne lakini mzizi ni mmoja. Milinganyo yako ni mizima. Unachokiona kwenye skrini ni dirisha tu, lenye mipaka minne: x ndogo na x kubwa, y ndogo na y kubwa. Ndani ya mipaka hiyo kila kizio cha x kinapewa pikseli (nukta za skrini) zake, na kila kizio cha y kinapewa zake. Pikseli hizo zikitofautiana, umbo hubadilika ingawa hesabu haijabadilika hata chembe. Kwa hiyo jizoeze kuamua dirisha kabla ya kuandika mlinganyo. Pia usitarajie mpangilio mmoja ufae skrini, ukuta na karatasi kwa pamoja, maana kila kimoja kina mahitaji yake.

Tuanze na sin, kwa sababu ndiyo inayofundisha zaidi.

GeoGebra ikifunguliwa upya, kizio kimoja hupewa pikseli 50 kwenye mhimili wa x na 50 kwenye mhimili wa y. Sehemu ya kuchorea ikiwa na upana wa pikseli 1000, unaona vizio 20 tu. Wewe unataka 360, kwa hiyo unazungusha gurudumu la kipanya mpaka 360 ionekane. Gurudumu hilo hupunguza mihimili yote miwili kwa kiasi kilekile. Sasa piga hesabu: pikseli 1000 kwa vizio 360 ni kama pikseli 2.8 kwa kizio. Wimbi la sin linapanda hadi 1 na kushuka hadi −1, vizio viwili kwa jumla, yaani halifiki hata pikseli 6 kwa kimo. Mstari wenyewe una unene unaokaribia hapo. Ndiyo maana unaona mstari ulionyooka. Wimbi lipo, ila limelazwa.

Chanuo nalo lina sababu yake. Ukiandika sin(x) bila alama yoyote, programu inaichukua x kuwa radiani, si digrii. Wimbi moja linaisha kwenye 2π, yaani 6.28 hivi. Kati ya 0 na 360 yamo mawimbi 57 na kidogo, na kila moja linabaki na pikseli 17 tu za upana. Ukiyavuta mawimbi hayo kwenda juu, yanasimama bega kwa bega kama meno ya chanuo. Basi dalili hizi mbili usizichanganye: mstari mlalo ni kosa la uwiano wa mihimili, chanuo ni kosa la kipimo cha pembe. Mara nyingi yote mawili yako pamoja, na ukirekebisha moja tu unadhani hujafanya lolote.

Dawa yake ni hii. Kwenye mstari wa kuandikia weka:

f(x) = Function(sin(x°), 0, 360)

Alama ya digrii unaipata kwa kubonyeza Alt na herufi O kwenye Windows, au uichague kwenye kisanduku cha alama kilicho mwisho wa mstari wa kuandikia. Usiweke herufi o ndogo wala sifuri iliyopandishwa juu. Vinafanana kwa macho, lakini programu haitakuelewa. Amri ya Function inaukata mchoro kwenye 0 na 360, usiendelee kushoto na kulia bila kuombwa. Kisha andika:

ZoomIn(−30, −1.5, 390, 1.5)

Mpangilio wa namba hizo ni x ndogo, y ndogo, x kubwa, y kubwa. Wengi huziandika x mbili kwanza kisha y mbili, halafu dirisha linaruka mahali pasipojulikana. Nafasi ya 30 kila upande na nusu kizio juu na chini si ya urembo. Namba za mihimili huandikwa pembeni ya mistari yake, na dirisha likiishia barabara kwenye 360, namba hiyo hukatwa nusu.

Ukipenda kutumia kipanya, bofya kulia mahali patupu kwenye sehemu ya kuchorea, kisha chagua neno la mwisho kwenye menyu, «Graphics». Ukurasa wa kwanza, «Basic», una visanduku vinne vya xMin, xMax, yMin na yMax, na chini yake uwiano wa mihimili wenye picha ya kufuli pembeni. Kufuli ikiwa imefungwa, uwiano umeshikwa na huwezi kuvuta mhimili mmoja peke yake. Ifungue kwanza. Na ukitaka kurekebisha haraka mbele ya darasa, shikilia Shift, weka kielekezi juu ya mhimili wenyewe na uvute: mhimili huo pekee ndio utakaotanuka au kubana.

Ukimaliza, hakiki. Andika f(90). Jibu likiwa 1, digrii zimeshika. Likiwa 0.89, bado uko kwenye radiani.

Yai sasa. Ukishaitanua sin kwa njia niliyoeleza, dirisha linabaki na uwiano huo. Ukiandika x² + y² = 9 kwenye faili hilohilo, duara litatoka limevutwa, kwa sababu kizio cha x na kizio cha y havina tena urefu mmoja kwenye skrini. Hii ndiyo siri ya "siku moja duara, siku nyingine yai": inategemea ulichora nini kabla yake. Bofya kulia mahali patupu, chagua uwiano wa xAxis na yAxis, kisha 1:1. Au andika:

SetAxesRatio(1, 1)

Halafu funga kufuli. Fanya hivyo kwa kila kazi ya jiometri, si duara pekee. Mistari miwili yenye miinamo 2 na −0.5 inakutana kwa pembe mraba, lakini kwenye dirisha lililovutwa mwanafunzi anaona pembe ya digrii 60 au 120 na anaanza kuitilia shaka kanuni uliyomfundisha jana. Vivyo hivyo y = x isipoonekana kwenye digrii 45, maelezo yote ya mwinamo yanayumba. Kwa sin, cos, mzunguko wa pesa, mwendo na wakati, uwiano wa 1:1 hauna maana yoyote, kwa sababu mhimili mmoja ni digrii au saa na mwingine ni kitu kingine kabisa. Huko una uhuru wa kuvuta. Kwenye maumbo huna.

Na ikiwa uwiano ni 1:1, kwenye laptopu ni duara, lakini ukutani ni yai? Hapo GeoGebra haina kosa. Laptopu nyingi zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768, yaani 16 kwa 9, na projekta nyingi za zamani zina 1024 kwa 768, yaani 4 kwa 3. Picha pana ikilazimishwa kujaa mahali pasipo pana, inabanwa ubavuni. Chora duara, chukua rula ya ubao, pima kimo na upana wake ukutani. Ukipata kimo cha sentimita 60 na upana wa 45, umeshampata mkosaji, kwa sababu 16/9 kugawanya kwa 4/3 ni 4/3, na 60 kwa 45 ni 4/3 vilevile. Nenda kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, uchague ukubwa ulio wa projekta yenyewe, na kwenye menyu ya projekta uweke umbo la picha lijichague lenyewe badala ya kujaza ukuta wote. Duara likiwa pana juu na jembamba chini, tatizo ni projekta kuinamishwa. Iinue mpaka itazame ukuta moja kwa moja, au tumia rekebisho lake la pembe nne.

Tuje kwenye namba za mihimili. Programu ikiachwa ijichagulie, itakupa 50, 100, 150, na hakuna mwanafunzi anayesoma sin kwa hatua za digrii 50. Kwenye mipangilio ileile fungua ukurasa wa «xAxis», tia alama kwenye «Distance» na uandike 30. Kisanduku cha kizio hapohapo kinakuruhusu kuweka alama ya digrii. Kwenye «yAxis» weka 0.5. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, fungua ukurasa wa «Grid» na uweke umbali wake pia. Gridi iliyokwisha kuwekewa umbali wake yenyewe haifuati namba ulizoandika kwenye mihimili. Unaweza kujikuta na namba kila 30 na mistari ya gridi kila 50, mwanafunzi anahesabu visanduku na kupata jibu baya kwa uangalifu mkubwa.

Mfano utakaowafaa wanafunzi wa Likoni kuliko kitabu chochote ni maji kujaa na kupwa. Wanaufahamu mteremko wa kushukia feri unavyobadilika. Chukua namba za kielelezo, si za jedwali la bandari: siku ya bamvua (maji makubwa) maji yana wastani wa mita 1.9, yakipanda na kushuka mita 1.5, na kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12.42.

h(x) = 1.9 + 1.5 cos(2π x / 12.42)

Angalia kwamba hapa alama ya digrii haiingii, kwa kuwa 2π iliyomo tayari ni radiani. Ukiitia, mstari wako utakaribia kulala. Dirisha: x kutoka −1 hadi 26, y kutoka −0.5 hadi 4.5. Kwa nini 26 na si 24? Kwa sababu kilele cha tatu kinaangukia 24.84, na hicho ndicho kinachoonyesha kwamba maji ya kesho yatachelewa dakika 50 hivi kuliko ya leo. Ukilikata dirisha kwenye 24 umelikata somo lenyewe. Kwenye kurasa za mihimili yote miwili tia alama «Positive direction only», maana saa hasi na kina hasi havina kazi hapa. Umbali wa namba kwenye x uwe 3, na jina la mhimili liandikwe wazi: "Saa tangu saa sita usiku". Bila maneno hayo nusu ya darasa itasoma 6 kuwa saa sita, na nusu nyingine kuwa saa kumi na mbili asubuhi. Saa zetu na saa za mhimili hazianzii mahali pamoja, kwa hiyo mhimili useme wenyewe unaanzia wapi.

Sasa ongeza siku ya maji mafu, ambapo kupanda na kushuka ni mita 0.6 tu:

g(x) = 1.9 + 0.6 cos(2π x / 12.42)

Ukizichora hizi mbili kwenye mafaili mawili tofauti na kila moja ukaibofyia ile amri ya kuonyesha vitu vyote, programu itaitanua kila moja ijaze dirisha. Bamvua na maji mafu yatatoka na kimo kilekile kwa macho. Mwanafunzi hatazami namba za pembeni kwanza; anatazama umbo. Kama michoro miwili italinganishwa, iwe na yMin na yMax zilezile, au iwe kwenye dirisha moja. Kwa sababu hiyohiyo usianzishe y kwenye 0.4 ati kwa kuwa ndipo maji yanapoishia kushuka. Mchoro utagusa chini, na mtoto ataondoka akiamini kwamba maji yamekauka. Mpangilio wa dirisha ni sehemu ya jibu sawa na mlinganyo, na mwalimu anayeuachia mashine huwa ameiachia mashine ifundishe.

Mfano huo una mtego mwingine, wa namba kukadiriwa. Tafuta maji yanafika mita 3 wakati gani: andika y = 3, kisha Intersect(h, y = 3, 0, 6). Utaonyeshwa (1.48, 3), kwa kuwa programu huanza na desimali mbili. Nambari kamili zaidi ni 1.478, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba 1.48 si saa moja na dakika 48. Ni saa moja na dakika 29, kwa kuwa 0.48 ya dakika 60 ni 28.8. Kwenye menyu ya «Options», chini ya «Rounding», unaweza kuchagua desimali zaidi au tarakimu muhimu. Kwa kazi za sekondari tarakimu muhimu 5 ndizo ninazopendekeza, kwa sababu desimali mbili zinaweza kukuonyesha 0 mahali ambapo jibu ni 0.004, na mwanafunzi akadhani amepata mzizi.

Projekta ya mchana

Projekta haina uwezo wa kutoa weusi. Sehemu iliyo nyeusi kwenye skrini ni sehemu ya ukuta isiyomulikwa, na haiwezi kuwa nyeusi kuliko ukuta wenyewe ulivyo kwa mwanga wa dirishani. Jua la saa nane likiingia kupitia vioo vya darasa, kile kinachoitwa cheusi kinakuwa kijivu, na kijivu hafifu kinakuwa si kitu. Ndiyo maana kugeuza mandhari kuwa meusi hakusaidii darasani kwenu, hata kama kunapendeza usiku kwenye laptopu. Baki na mandhari meupe, na mistari minene yenye rangi nzito: bluu iliyokolea, nyekundu iliyokolea, nyeusi. Manjano, kijani kibichi na samawati hafifu ziepuke kabisa. Geuza upande ikiwezekana, uangazie ukuta ambao dirisha liko ubavuni mwake, si mkabala wake.

Unene wa mstari unaupata kwa kubofya kulia juu ya mchoro wenyewe, kisha mali zake, kisha ukurasa wa «Style». Huanza kwenye 5. Peleka 8 au 9. Gridi kwa kawaida ni kijivu hafifu sana. Kwenye ukurasa wa «Grid» bofya kisanduku cha rangi uchague kijivu cha katikati, na upunguze wingi wa mistari: gridi ya kila digrii 30 inatosha ukutani, mistari midogo ya karatasi ya grafu haionekani kutoka nyuma na inaongeza ukungu tu. Ukubwa wa herufi uko kwenye «Options», «Font Size». Jaribu 24, kisha 28. Kipimo cha kukadiria: mwanafunzi aliye mita 8 kutoka ukutani anahitaji namba zenye kimo cha sentimita 3 hadi 4. Nenda ukazipime kwa rula, usikisie ukiwa umesimama kando ya laptopu. Herufi zikikua, namba za mhimili wa x zinaweza kuanza kugongana. Hapo ongeza umbali kutoka 30 kwenda 60 au 90, usirudishe herufi kuwa ndogo.

Michoro miwili isitofautishwe kwa rangi peke yake. Darasani huenda yumo asiyetofautisha nyekundu na kijani, na huenda hajui mwenyewe. Mmoja uwe mstari mzima, mwingine wa vikatavikata. Chaguo hilo liko hapohapo kwenye «Style», na utalihitaji tena kwenye karatasi.

Karatasi ya mtihani

Maswali ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, huja na kipimo chake: sentimita kadhaa kwa digrii kadhaa. Tuseme sentimita 1 kwa digrii 30 kwenye x, na sentimita 2 kwa kizio 1 kwenye y. Sentimita 2 za x ni digrii 60, na sentimita 2 za y ni kizio 1. Kwa hiyo vizio 60 vya x lazima viwe na urefu sawa na kizio 1 cha y:

SetAxesRatio(60, 1)

Amri hii ndiyo roho ya kazi yote ya karatasi. Ukiikosea, hakuna printa itakayokuokoa. Gridi nayo ifanane na karatasi ya grafu ya milimita 2: milimita 2 za x ni digrii 6, milimita 2 za y ni 0.1. Weka umbali wa gridi kuwa 6 na 0.1, na umbali wa namba kuwa 30 na 0.5. Kila namba itaangukia baada ya visanduku vitano, pande zote mbili.

Kisha eleza eneo la kutoa kwa kuunda pointi mbili zenye majina maalumu:

Export_1 = (−30, −1.5)
Export_2 = (390, 1.5)

Programu inayatambua majina hayo na kutoa kilicho kati yao tu. Sharti pointi zote mbili zionekane ndani ya dirisha wakati wa kutoa. Moja ikiwa nje, hazihesabiwi. Sukuma na upunguze dirisha mpaka zote zionekane, ukiwa umefunga kufuli ili uwiano wa 60 kwa 1 usivurugike.

Sasa bonyeza Ctrl, Shift na U kwa pamoja. Usipige picha ya skrini: picha hiyo ina pikseli za skrini tu, na ikivutwa kwenye karatasi mistari inakuwa na ngazi ngazi. Kwenye kisanduku kinachofunguka weka kipimo cha sentimita 1 kwa vizio 30, na msongamano wa 300 kwa inchi. Chini yake utaonyeshwa ukubwa wa picha. Hesabu yako inasema digrii 420 kwa 30 ni sentimita 14, na vizio 3 vya y kwa sentimita 2 ni sentimita 6. Kisanduku kikionyesha 14 kwa 6, endelea. Kikionyesha kingine, rudi kwenye uwiano, usijaribu kulazimisha kwa kubadilisha kipimo. Kwa 300 kwa inchi utapata pikseli 1654 kwa 709 hivi. Bora zaidi, toa kama PDF au SVG, maana hizo huhifadhi mistari yenyewe na hazichubuki kwa kukuzwa.

Kwa karatasi, unene wa mistari urudi 3 au 4, kwa sababu mstari mnene unaficha hadi kisanduku kizima cha milimita 2 na mwanafunzi hawezi kusoma thamani. Gridi iwe kijivu kilichokolea kuliko unavyoona inafaa. Mashine ya fotokopi na ya kurudufu huwa na mpaka wake: kijivu kilicho chini ya mpaka kinasomwa kuwa cheupe. Huko ndiko gridi yako ilikopotelea. Haikufutwa na printa ya kwanza, ilitupwa na nakala ya nakala. Chapisha karatasi moja, ipitishe kwenye mashine ileile itakayorudufu mtihani, kisha uamue rangi ya gridi kwa kutazama nakala hiyo.

Ukishaweka picha kwenye Word, fungua ukubwa wake na uhakikishe ni 14 kwa 6. Word hupenda kubana picha ili itoshee ndani ya kingo. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo kingo za 2.5 kila upande zinakuachia 16, na picha yako inaingia bila kubanwa. Hifadhi ukurasa mzima kama PDF kabla ya kuupeleka mjini. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti zako, mistari ya maswali inasogea na picha inahamia ukurasa wa pili. Mwambie mchapishaji achague ukubwa halisi, asilimia 100, si kujaza ukurasa. Chaguo hilo la pili hupunguza kila kitu kidogo, kiasi cha kutosha kuharibu rula. Weka mstari wa sentimita 10 kamili chini ya ukurasa wa majaribio. Pima mstari huo na pima pia kutoka 0 hadi 360, ambako lazima upate sentimita 12. Mstari ukiwa 9.6, tatizo ni kwa mchapishaji. Mstari ukiwa 10 na grafu si 12, tatizo liko kwenye faili lako.

Kuna mambo ambayo hakuna mpangilio wa dirisha utakaoyaonyesha. Chora (x² − 1)/(x − 1) na utaona mstari mzima, ilhali kwenye x = 1 hakuna thamani. Tundu hilo ni pointi moja na pointi moja haina upana, kwa hiyo haina pikseli yake. Liweke wewe: andika A = (1, 2), kisha kwenye «Style» umpe umbo la kiduara kilicho wazi. Kwa tan(x°) karibu na 90 punguza y iwe −5 hadi 5, vinginevyo mchoro unapanda mpaka sehemu nyingine zote zinalala kama sin yako ya mwanzo; na mstari wa x = 90 uuchore mwenyewe kwa vikatavikata, ili mwanafunzi ajue ni mpaka na si sehemu ya mchoro.

Mwanafunzi anayetumia Desmos, programu nyingine ya kuchora grafu, kwenye simu atakuta mengi ya haya kwenye alama ya spana pembeni juu: humo mna kubadilisha radiani na digrii, mipaka minne, hatua za namba kwenye kila mhimili, na hali ya projekta inayonenepesha mistari na herufi kwa pamoja. Kumbuka tofauti moja: Desmos ikiwekwa kwenye digrii, sin(x) inaandikwa bila alama ya digrii. Anayehamisha mlinganyo kutoka huko kuja GeoGebra bila kuiongeza atarudi palepale kwenye chanuo.

Mwisho, usirudie kazi hii kila Jumatatu. Faili la .ggb hubeba dirisha lake, gridi yake na namba zake. Tengeneza matatu yasiyo na mchoro ndani: moja la jiometri lenye 1:1 na kufuli imefungwa, moja la sin na cos la ukutani, na moja la karatasi lenye uwiano wa 60 kwa 1 pamoja na zile pointi mbili za kutoa. Yafungue, andika mlinganyo, kisha hifadhi kwa jina jipya. Usitumie «Save Settings» ya kwenye «Options» kwa uwiano wa sin, kwa sababu hiyo hubadilisha mwanzo wa kila faili jipya kwenye laptopu hiyo, na mwenzako wa kidato cha kwanza akifungua kuchora duara atapata yai.